Jumamosi yangu moja chumba cha watoto

Shemeji yangu anasema mimi nalipwa kukaa na kusoma hadithi za sungura. Haya shem, soma Jumamosi yangu ya juzi. Mimi ni mkutubi wa chumba cha watoto, maktaba ya mkoa, cheti nimekisotea Bagamoyo kwenye chuo cha ukutubi, na viti vya chumbani kwangu ni vya size ya chekechea, kwa hiyo hata huko kukaa kwenyewe ni mtihani.

Saa 2 asubuhi nimeshafika, nafagia, nafungua madirisha, napanga rafu. Kuna mchezo mmoja wananifanyia, mtoto asiye na kadi ya kuazima akipenda kitabu anakificha nyuma ya vingine ili akija tena akikute. Juzi nimetoa vinne nyuma ya atlasi, nikavirudisha kwenye namba zake huku nanung'unika peke yangu, maana kitabu kikihama mahali pake katalogi itakwambia kipo na wewe hukioni.

Saa 3 mlango wazi, shikamoo anti, shikamoo anti, mpaka koo linakauka kwa marahaba.

Saa 4 mkeka chini, paukwa! Pakawa! Hebu jaribu kusoma kitabu huku umewageuzia wengine picha, uone shingo inavyokuwa. Nakala mara nyingi ni moja, hadithi zingine nazichapa kutoka African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, zipo bure na za Kiswahili hazikosekani, ila wino wa printa ukiisha basi narudi kusimulia kwa mdomo.

Saa 5 hivi akaingia mama mmoja na mwanae wa darasa la pili. "Dada, naomba cha Kiingereza, kinene kinene." Nikamuuliza mtoto, we unapenda nini? Akanong'ona, vyura. Aisee nilifurahi, 597.8, namba ya rafu ya vyura, hiyo naijua hata gizani, tunacho kimoja cha Kiswahili, picha kubwa, sentensi mbili tatu kila ukurasa. Mama akakiangalia akabetua mdomo, "Vyura watamsaidia nini kwenye mtihani wa la nne?" Nikamwambia sawa mama, tumpime, afungue ukurasa wowote asome, kila neno asilolijua ainue kidole, vikifika vitano ujue kitabu kimemzidi. Kile kinene mstari wa pili tu mkono mmoja umeisha anahamia wa pili. Mama akasema si ndo maana akisome sasa, ayajue hayo maneno! Nikaanza kueleza kwamba mtoto akizoea kuelewa anachosoma kwa lugha yake ndo anapata hamu na nguvu ya kuhamia Kiingereza, naeleza huku foleni inakua, wawili wanavutana kitabu, na kijana wa fomu foo anachungulia mlangoni anaulizia pepa za NECTA ambazo hata haziko kwangu ziko upande wa wakubwa, na mama hajamaliza, dakika arobaini jamani, mwisho akanitazama akaniuliza, "Kwani wewe una watoto wangapi?"

Sina. Nikampa fomu ya kadi ajaze.

Kwa kadi yetu mtoto anaondoka na kitabu kimoja tu, kikaondoka kile kinene, dogo amekikumbatia kama tofali.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Umeme ukakatika, feni zikasimama, kuna aliyekojolea mkeka, kuna aliyesoma huku anakula ubuyu na sasa simba wa ukurasa wa tisa ana midomo myekundu, na bado kila mmoja anataka nimchagulie, anti nipe cha kuchekesha, anti nipe cha mashetani lakini yasitishe sana. Hicho cha mashetani yasiyotisha nilikipata, 398.2, rafu ya ngano, na hapo ndo najisikia mimi ni fundi.

Kufunga ni saa 8 mchana lakini kuna baba kaja kumchukua mwanae saa 9 na robo, eti foleni. Nikaandika daftari la siku, watoto 61, nikapita rafuni mara ya mwisho.

Nyuma ya atlasi, vyura. Labda alikichomeka wakati mama yake anajaza fomu.

Nikakisukuma ndani zaidi kisionekane, nikazima, nikawahi daladala.