Mlango Unaofungukia Ndani

Siku ya safari sinywi maji. Nasukutua tu, natema. Wenzangu wakipanga safari huulizia nauli; mimi huulizia choo, na jibu huwa lilelile: "Kipo, tena kimeandikwa."

Kuandikwa kimeandikwa kweli. Basi liliposimama mara ya kwanza niliikuta ile picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, nyeupe juu ya bluu, inang'aa. Chini yake, kufuli. "Subiri kidogo dada, mwenye ufunguo ametoka." Aliporudi na kufungua, ndani kulikuwa na ndoo, mafagio na viti vya plastiki vilivyopandana hadi karibu na dari. Vikatolewa kimoja kimoja, huku dereva anapiga honi.

Kumbe shida yenyewe ilikuwa bado. Mlango ulikuwa unafungukia ndani. Upana wake ulitosha, kiti changu cha magurudumu ni sentimita 64 na kilipita bila kukwaruza. Lakini nikishaingia, kiti kinauzuia mlango usifunge, na kukigeuza nahitaji duara la kama mita moja na nusu, ambalo halikuwepo. Fundi alipima nitaingiaje, hakupima nitajisitirije. Angegeuza tu mlango ufungukie nje! Nikamwomba abiria mmoja asimame pale, anipe mgongo. Tulikuwa hatujajuana hata majina.

Ukumbini tulikokuwa tunakwenda kulikuwa na ngazi tatu, jumla kama sentimita 45. Kipimo cha rampu, ile njia ya mteremko ya kupitishia kiti, kinachokubalika na wengi ni 1:12, kila sentimita moja ya kupanda ipewe 12 za kwenda mbele, kwa hiyo pale ilitakiwa rampu ya mita tano na ushee. Walikuwa wameegesha ubao wa mita moja na nusu. Vijana wanne wakaninyanyua na kiti changu kama sofa linalohamishwa. Walinyanyua kwa moyo mweupe, sikatai, ila hakuna aliyeniuliza nishikwe wapi.

Choo cha humo ndani, haki yao niwape, kilijengwa na mtu anayejua: vishikio imara, nafasi ya kuegesha kiti ubavuni, hata kamba nyekundu ya kuitia msaada. Ila kamba ilikuwa imepigwa fundo juu kabisa, nadhani isiwasumbue wanaopiga deki. Anayeihitaji ni aliyeanguka, na aliyeanguka yuko sakafuni. Nikajinyoosha, nikalifungua lile fundo, kamba ikashuka hadi chini.

Jioni kabla ya kuondoka nilipita tena. Fundo lilikuwa limerudi.