Shotigani ya mtumba: tazama mtutu kabla ya bei

Katika duka la bunduki la Marekani, rafu ya mitumba ndiyo yenye uhondo na ndiyo yenye mitego. Utakuta shotigani, yaani bunduki za kufyatua chembe nyingi kwa mpigo: Remington 870, iliyo sokoni tangu 1950, Mossberg 500 zilizochubuka rangi, bunduki kongwe za mitutu miwili, na ukibahatika Browning Auto-5 yenye nundu yake mgongoni. Mbao inayong'aa hupandisha bei upesi. Lakini mbao hupigwa msasa ikapendeza tena. Mtutu ulioharibika dawa yake ni kununua mwingine, na kwa bunduki nyingi za zamani haupatikani.

Mwombe muuzaji aifungue, kisha tia kidole mwenyewe kwenye chemba (mahali risasi inapolipukia) na kwenye magazini (bomba la risasi za akiba), uhakikishe haina risasi. Usifyatue tupu bila ruhusa, maana bunduki kongwe huvunjika pini. Omba risasi bandia.

Mtutu ukishatolewa, uelekeze kwenye taa uchungulie kutoka upande wa chemba. Weusi wa baruti na plastiki husuguliwa ukatoka. Vishimo vya kutu havitoki. Ukiona kivuli cha duara kamili, pitisha vidole nje ya mtutu mahali hapohapo: ukihisi uvimbe, kuna mtu alifyatua huku mtutu umezibwa na tope au theluji. Rudisha rafuni.

Halafu mdomo. Mtutu wa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) una takriban milimita 18.5 ndani, na choki kamili, yaani mbano mkubwa wa mdomo, huupunguza hapo hadi karibu 17.7. Sarafu ya senti kumi ya Marekani ina milimita 17.9, kwa hiyo isipoingia, choki ni kamili au karibu nayo. (Ishike vizuri. Kwenye mtutu wenye choki wazi itatumbukia, na muuzaji atakucheka.) Kipimo hiki si mchezo: tangu 1991 risasi za madini ya risasi zimepigwa marufuku nchi nzima kwa kuwinda bata maji na bata bukini, na chembe za chuma, zinazotumika badala yake, haziminyiki kirahisi zikipita mahali pembamba. Mtutu wa zamani wenye choki kamili unaweza kuvimba mdomoni. Bunduki kama hiyo inafaa kwa kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani, kwa chembe za madini ya risasi. Kwa bata utalazimika kununua chembe za madini ya bismuthi, nazo ni ghali.

Sarafu ikipita bila kugusa popote, na mtutu ni mfupi kuliko ulivyopaswa, huenda umekatwa. Kwenye mitutu pacha, nafasi tupu kati ya midomo miwili ni dalili ileile. Chini ya inchi 18, sheria ya shirikisho inataka usajili wa pekee, na mtutu kama huo si wa kununua kwa kubahatisha.

Jambo linalowaponyoka wengi ni urefu wa chemba. Auto-5 nyingi za geji 16 za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zina chemba ya milimita 65. Risasi ya milimita 70 itaingia bila kipingamizi, kwa kuwa urefu unaoandikwa ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Ikiwa bado imekunjwa mdomo ni fupi zaidi. Ikilipuka, ganda hufungukia kwenye sehemu nyembamba ya mtutu na shinikizo hupanda. Kuingia kwa risasi si ushahidi kwamba inafaa. Soma maandishi ya mtutu, na yasiposomeka, fundi apime.

Bunduki ya mitutu miwili, ondoa mbao ya mbele, shika kitako, kisha tikisa mitutu kushoto na kulia. Ikicheza, bawaba imelika, na kuirekebisha kunaweza kuzidi bei yenyewe. Pampu (bunduki inayopakiwa kwa kuvuta mbao ya mbele, kama 870) kucheza kidogo kwenye mbao hiyo ni kawaida, hasa Mossberg. Pampu ipime kwa risasi bandia tatu, polepole kisha kwa kasi. Risasi ikiponyoka kutoka magazini kabla ya zamu yake, kishikizo kimelegea. 870 Express inayogoma kutoa ganda mara nyingi ina chemba yenye mikwaruzo au kutu nyepesi, na hiyo husafishika.

Namba ya bunduki ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Kutokuwepo kabisa ni jambo jingine: kabla ya 1968 si zote zilizopigwa namba. Dukani utajaza Fomu 4473, ya serikali kwa wanunuzi wa bunduki, na kusubiri ukaguzi wa rekodi zako wa FBI. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi, ingawa leseni halali ya uwindaji ya jimbo ni mojawapo ya nafuu chache.

Remington 1100 (bunduki ya kujipakia yenyewe) iliyoandikwa "haijipakii", muulize muuzaji kuhusu pete ya mpira iliyo juu ya bomba la magazini. Mara nyingi imekatika tu, na mpya ni dola chache.