Mwimo wa mlango, Mtaa wa Narung'ombe

Jumapili, saa tano usiku.

Nimemaliza kuskani vipande vya filamu nilivyopiga Kariakoo wiki mbili zilizopita, na usingizi hauji.

Nyumba niliyoipiga ni ya Kiswahili hasa: vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati unaoanzia barazani na kutokea uani. Kulia na kushoto maghorofa yameshapanda. Warithi wamekubaliana kuuza, na bibi anayekaa pale, shoga yake marehemu bibi yangu, atahama kabla ya Ramadhani. Niliposikia hivyo niliiacha nyumbani kamera ya mkanda wa 120 ninayotembea nayo kila siku. Mkanda ule unanipa picha kumi na mbili za mraba, na nikijua ninazo kumi na mbili napiga kwa haraka. Nikachukua kamera kubwa, ya inchi nne kwa tano, ile inayokunjuka katikati kama kodiani ya taarabu. Kaseti yake inabeba vipande viwili vya filamu, kimoja kila upande. Nilikwenda na kaseti mbili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hilo lidude ndiyo kamera?"

Nikaisimamisha kwenye miguu yake mitatu upande wa pili wa mtaa, nikajifunika kaniki. Zamani nilikuwa natumia kanga, lakini hata ukiikunja mara mbili jua la saa tatu linapenya. Chini ya kaniki kuna joto la tanuri, jasho linaingia machoni, na mbele yako kwenye kioo nyumba nzima imesimama kichwa chini miguu juu. Napenda kuiangalia hivyo. Baraza inakuwa dari, bati linakuwa sakafu, na jicho linaacha kusoma "nyumba" likaanza kuona mistari na vivuli tu.

Bibi alikuwa amejiweka sawa kwenye mkeka, uso umekaza kama wa picha ya pasipoti. Mimi nikawa narekebisha lenzi, napima mwanga, nafunga tundu la lenzi mpaka f/22, narudi kwenye kaniki, natoka. Zikapita dakika kumi na kitu. Akachoka kuningoja, akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele wake. Hapo ndipo nilipochomeka kaseti. "Bibi, tulia kidogo." Akainua macho tu, mikono bado iko kwenye mchele. Sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, basi.

Kipande cha tatu nilikiunguza. Nilichomoa kile kibati cha kufunikia filamu kabla sijaifunga lenzi niliyoiacha wazi wakati wa kulenga. Ilikuwa picha ya ukumbi, mwanga wa uani ukija kwa nyuma, na nikirudi siku nyingine mwanga ule hauwezi kuwa uleule. Limeniuma na bado linaniuma.

Kusafisha nako huku kwetu ni kazi ya kupigana na maji. Filamu hii ya HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11, dawa kipimo kimoja na maji kipimo kimoja, inataka dakika 13 kwenye nyuzi 20. Maji ya bomba langu hapa Sinza yalikuwa nyuzi 29. Ukiyatumia hivyohivyo muda unafupika sana, dawa inashika kwa kasi, na mbingu inaweza kutoka na mabaka. Kwa hiyo nilinunua barafu kwa jirani, nikaweka chupa za dawa kwenye beseni, nikakaa na kipimajoto karibu saa nzima. Maji ya kusuuzia nayo niliyapoza. Filamu ikitoka kwenye baridi ikatumbukia kwenye maji ya moto, ngozi yake inaweza kujikunja makunyanzi madogomadogo ambayo hayafutiki tena.

Leo ndiyo nikaskani. Vumbi la Dar halina huruma, na ile taa ya infraredi ambayo skana hutumia kutambua vumbi haisaidii kwenye filamu nyeusi na nyeupe kama hii, kwa sababu picha yenyewe ni chembe za fedha na fedha inaizuia taa hiyo kama vumbi linavyoizuia. Ni brashi, pampu ya upepo, na subira ya kufuta doa moja moja. Kwa nukta 2400 kila inchi, kipande kimoja kinatoa nukta 9,600 kwa 12,000. Zaidi ya milioni 115.

Nilikuwa nafuta madoa kwenye mwimo wa mlango, nimekuza picha mpaka mwisho, nikakuta madoa mengine yamejipanga. Nikasita. Ni mistari ya chaki. Minne wima na mmoja umeikata, tena minne na mmoja, halafu mmoja peke yake. Siku ile nilisimama pale kwa muda wa saa mbili na sikuiona. Kidogo tu niifute nikidhani ni vumbi.

Jioni nilimpelekea Bibi picha kwenye simu. Uso wake hakuujali sana, alisema amezeeka, basi. Nilipomwonyesha mwimo akasogeza simu karibu na macho, akahesabu kwa kidole. "Kumi na moja. Ndoo za yule kijana wa maji. Alihamia Mbagala kabla sijamlipa."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kumkatia mwimo ule peke yake, kwenye karatasi.

Kesho nakirudisha kipande kwenye skana, kona ile tu, kwa nukta 4800.