Dalali anaanza na namba, fundi anaanza na spea

Suzuki Swift Sport niliyonunua ni ya mwaka 2012, nyeupe, gia sita za mkono, namba za usajili za herufi D, zile za mwanzo. Tangu nianze kuiegesha ofisini swali ni lile lile: kwa nini si Volkswagen Golf GTI, wakati ile ya jamaa wa Mikocheni ilikuwa inauzwa kwa tofauti isiyofika hata milioni mbili? Jibu langu ni refu, na watu wananiuliza tukiwa tunasubiri lifti. Nimeona niliandike.

Kwanza nimalizane na wenye Toyota IST. Mume wangu ndiye aliyetangulia: "Mama Nasra, chukua IST ulale." Kwa hesabu ya fedha tupu yuko sahihi na sibishani naye. IST ina fundi kila kona, spea zake unazipata hadi Kibaigwa, na ukiamua kuiuza, wanunuzi wanagombana wao kwa wao. Lakini mimi natoka Goba kwenda Posta kila siku ya kazi, na mwisho wa mwaka tunapanda Lushoto kwa mama mkwe. Kwa muda wote huo wa kukaa nyuma ya usukani nilitaka gari linaloitika. IST ukikanyaga mafuta inafikiria kwanza.

Ndipo tukaja kwenye hivi vigari vya hechibeki, vifupi vyenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ila vyenye moto. Aliyevipa umaarufu ni hiyo hiyo GTI, mwaka 1976: injini ya 1.6, nguvu za farasi 110, na Volkswagen walikuwa wamepanga kutengeneza 5,000 tu. Walipofika mwisho wa toleo lile la kwanza walikuwa kwenye mamia ya maelfu. Wazo lenyewe ni rahisi, gari la kupeleka watoto shule na kubebea mboga, ila lipewe injini, breki na springi za mtu mwenye haraka. Tatizo ni kwamba mambo matatu yanavutana humo ndani: moto (yaani nguvu na kasi), matumizi ya kila siku, na bei itakayobaki siku ya kuuza. Dar yanavutana kwa namna yake.

Nianze na moto, kwa kuwa ndiyo wote wanaouzungumzia. GTI toleo la sita ina farasi 210, injini ya lita 2 yenye tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi. Swift Sport yangu, ile ambayo wenyewe wanaiita ZC32S, ina farasi 136, injini ya 1.6 isiyo na tabo. Kwenye karatasi ni mtu mzima na mtoto. Sasa pima uzito. GTI ina kama kilo 1,400, Swift ya gia za mkono ina 1,050. Ukigawa, kila tani ya GTI inavutwa na farasi 150, kila tani ya Swift farasi 130. Bado GTI iko mbele, kutoka sifuri hadi kilomita 100 inatumia sekunde 6.9 na Swift 8.7, lakini pengo si lile la kwenye matangazo.

Na hizo sekunde utazitumia wapi? Goba hadi Mwenge asubuhi ni gia ya kwanza, ya pili, tuta, ya kwanza tena. Ukitoka nje ya mji, kuanzia Kibaha hadi Segera ni kijiji baada ya kijiji, kibao cha 50, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo chini ya mwembe. Elfu thelathini kila kosa. Trafiki hakuulizi una farasi wangapi.

Pana sehemu moja niliyokubali kwamba GTI haina mjadala. Jamaa wa Mikocheni alinipa niiendeshe kwenda Chalinze na kurudi, naye kakaa pembeni kashika mkanda. Kulipita lori la mafuta kwenye barabara ya njia mbili, ile gari haisumbuki. Nguvu yake ya kuvuta yote inapatikana tangu mizunguko 1,700 ya injini kwa dakika, kwa hiyo unagusa tu mafuta, giaboksi inashuka yenyewe, na lori liko nyuma kabla hujamaliza kulihesabia tairi. Kwenye Swift lazima ushuke gia mbili na injini ipige kelele. Mtu ambaye maisha yake ni Dar–Dodoma kila wiki, hapo mimi ningemshauri GTI, asinisikilize kwenye mengine.

Lakini mimi barabara yangu ni Mombo–Lushoto. Ni kama kilomita 33, lami, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, kona baada ya kona hadi Soni na kuendelea. Unapanda gia ya pili na ya tatu, mara chache sana ya nne. Mbele linakuja lori la kabichi limeegemea upande wako, nyuma yake kosta, pembeni bodaboda na gunia la karoti. Hapo ndipo niligundua kitu ambacho hakuna tangazo linalokitaja: upana. Swift ina milimita 1,695. GTI inaizidi karibu sentimita tisa. Sentimita tisa Kibaha si kitu. Kwenye kona ya Soni, lori likiwa limekula mstari, ndiyo nafasi kati ya kioo cha pembeni na mfereji wa mawe. Na injini ya Swift inachanganya vizuri ikipita mizunguko 4,000, maana yake kupanda mlima ule unaitumia yote, kila farasi uliyemlipia, bila kuvunja sheria ya mtu. Usukani unakuambia tairi la mbele linafanya nini. GTI imetulia zaidi, na kutulia kwake kulinifanya nihisi ninabebwa.

Matumizi ya kila siku nitayapitia haraka, kwa sababu hapa Swift inapigwa. Buti yake ni lita 211, ya GTI ni 350. Ukiweka mabegi mawili ya shule na ndoo ya lita 20 umemaliza. Tukirudi kutoka Lushoto na plamu, peasi na viazi vya mama mkwe, siti moja ya nyuma inalazwa na Nasra anabanana na mdogo wake upande uliobaki, huku baba yao akisema "si nilikwambia". Ilikuja bila tairi la akiba, kuna pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuzibia pancha, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kupita barabara ya vumbi ya Goba ataliona ni utani. Tairi zenyewe ni 195/45 inchi 17, saizi ambayo maduka mengi hayana. Muuzaji atakuambia chukua 205/45. Nilizichukua. Zinanyanyua gari milimita nne na kitu, na kwa matuta ya mtaani kwetu hizo milimita nazishukuru. Fundi aliwahi kuniuliza kama nataka kushusha springi ili "ikae kimichezo". Nilimwangalia tu.

Honda Fit RS ingetatua suala la mizigo. Tangi lake la mafuta liko chini ya siti za mbele, kwa hiyo siti ya nyuma unainyanyua kama kiti cha sinema na unasimamisha mti wa mwembe humo ukitaka. Ila RS ya gia za mkono Dar sikuiona, na kuagiza kunatupeleka kwenye fedha, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Watu wanadhani gari linashuka bei mara moja, polepole, kama mshumaa. Hapa kwetu linaanguka mara mbili, kwa sababu mbili tofauti.

Anguko la kwanza linatokea Japani. Kule gari jipya linakaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe ni ghali, ndiyo maana wengi wanaliuza kabla tarehe haijafika. Magari ya nje, kama Volkswagen, yanaanguka zaidi, kwa kuwa Mjapani wa kawaida hataki gari la Ulaya lililozeeka. Swift Sport haianguki hivyo. Vijana wa kule wanaipenda na wanashindana kuinunua mnadani. Ndiyo sababu ukifungua tovuti za wauza magari utaiona GTI ya farasi 210 ikiuzwa bei ya jirani na Swift ya farasi 136 na utadhani wamekosea. Hawajakosea. Bei ile imeshaweka ndani matengenezo yanayokuja, na anayekuja kuyalipa ni wewe.

Katikati kuna TRA, watoza kodi wetu. Ingia kwenye kikokotoo chao kabla hujampigia mtu yeyote. Ushuru wa bidhaa unapanda injini ikivuka cc 2,000, na hapa GTI ina bahati: ina cc 1,984, imepita chini ya waya. Mazda Axela ile ya Mazdaspeed, ambayo niliitamani kwa wiki nzima, ina lita 2.3, haipiti. Halafu kuna ushuru wa uchakavu, unaoanza gari likitimiza miaka minane tangu kutengenezwa na kuongezeka likivuka miaka kumi. Kwa hiyo kadiri gari linavyokuwa rahisi Japani, ndivyo linavyokuwa ghali bandarini. Fedha hiyo mnunuzi wa pili hakurudishii kwa sababu ya huruma.

Anguko la pili ni letu wenyewe: namba za usajili, ambazo herufi zake zinasonga mbele kadiri magari yanavyosajiliwa nchini, D kabla ya E. Mpigie dalali, mwambie una gari unauza. Hatakuuliza injini, wala kama oili ilibadilishwa. Nilimpigia mmoja wa Kinondoni kupima upepo:

"Dada yangu, namba gani?"

"D."

"D ya wapi? Za mwanzo au za mwisho?"

Chukua magari mawili yaliyotoka kiwandani mwezi mmoja, moja likaingia nchini miaka saba kabla ya jingine. La namba E litaitwa jipya, la namba D za mwanzo litaitwa la zamani, hata kama lile la E limekula kilomita zake zote Osaka. Kwa muuzaji hii ni dhuluma. Kwa mnunuzi anayejua kukagua gari ni punguzo, na mimi nilikuwa mnunuzi. Gari langu lilikuwa limeshaanguka mara zote mbili, na aliyelipa anguko hilo pamoja na ushuru ni mtu mwingine, Mungu ambariki. Likishuka tena kwangu, litashuka kidogo.

GTI ya Mikocheni nayo ilikuwa D za mwanzo, kwa hiyo kwenye namba walikuwa sawa. Kilichoitoa ni swali la fundi. Niliipeleka kwa mzee ninayemwamini wa Gerezani. Hakufungua boneti. Aliuliza, "Oili ya giaboksi imebadilishwa lini, na risiti iko wapi?" Giaboksi ile ya DSG, inayojibadilisha gia yenyewe, ya gia sita, inataka oili na filta kila kilomita 60,000. Mwenye gari hakuwa na karatasi. Kisha akauliza kuhusu kikaza mnyororo wa taimingi, kwa sababu kwenye injini hizo za kabla ya 2012 kinajulikana: kikilegea mnyororo unaruka, valvu zinakutana na pistoni, na hapo hununui kipuri, unanunua injini. Kukibadilisha mapema kunawezekana na si mwisho wa dunia. Nilifanya hesabu: kikaza na mnyororo, oili ya DSG, valvu za kuingiza hewa kusafishwa masizi. Ile tofauti isiyofika milioni mbili ikaacha kuwa tofauti isiyofika milioni mbili.

Swift haikukosa maswali. Ina mnyororo pia, lakini injini yake, M16A, ni ile ile familia ya Grand Vitara ndogo ya 1.6 na SX4, kwa hiyo spea nyingi za injini zinapatikana. Bodi ndiyo mtihani. Bampa la mbele la Sport si la Swift ya kawaida, taa za nyuma pia. Ndiyo maana nimekata bima kubwa, kitu ambacho kwenye gari la umri huu watu wengi hawafanyi. Na kifuniko cha tangi kina maandishi ya Kijapani yanayoomba petroli ya oktani kubwa, hivyo usidhani ukikimbia GTI umekimbia na gharama yote ya mafuta.

Gia za mkono zitanipunguzia wanunuzi, hilo dalali aliniambia bila kuulizwa. Nakubali. Ila anayetafuta Swift Sport ya gia za mkono anakuja akijua anachokitaka, hakuulizi kama ina skrini kubwa. Ile ya CVT, isiyo ya gia za mkono, mnunuzi anaifananisha na IST na bei anaipima kwa IST.

Kinachonisumbua sasa ni toleo lililofuata, ZC33S. Kilo 970, injini ya 1.4 yenye tabo, farasi 140, na buti lita 265, ambayo mama mkwe angeiheshimu. Zilianza mwaka 2017, kwa hiyo zile za kwanza zimeshaingia kwenye uchakavu wa TRA wakati Japani bado wanazing'ang'ania. Kuagiza sasa ni kulipa pande zote. Nitasubiri iliyokwisha kuingia. Mwenye nayo, namba E, gia za mkono, rangi ile ya njano, siku ukichoka nitafute kabla ya kumpigia dalali. Bei maelewano.