Kumbe alikuwa ananionja

Leo bamvua. Maji yalipokupwa nilimfuata shangazi mwambani, hapa Jambiani. Shangazi hatafuti pweza, anatafuta makombo yake. Akiona magamba ya kaa yamelundikana mlangoni pa tundu, na bado ni safi, hayajaota mwani, anachutama.

"Mwenyewe yumo," akaninong'oneza.

Alipomtoa, akanipa nimshike. Mnyiri mmoja ukanizunguka kifundo cha mkono. Nikasikia vile vikombe vikininyonya ngozi: hiki kinashika, kile kinaachia, cha pembeni kinashika. Taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani kabla ya kununua. Nilidhani anajitetea tu. Kumbe alikuwa ananionja.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza kwamba kwenye vikombe vya pweza kuna seli zinazotambua ladha kwa kugusa, hata ladha ya vitu visivyoyeyuka vizuri majini. Kwa hiyo hana haja ya kumwona kaa aliyejificha. Hujitandaza juu ya jiwe kama kimia, ule utando wa kati ya minyiri ukaziba kila upenyo, halafu ncha zinaingia mashimoni kutafuta. Na zinajua kutafuta: pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ziko minyirini, si kichwani. Kikombe kikigusa kaa, kinamkabidhi kwa jirani yake, mpaka mdomoni.

Huo mdomo niliuona jikoni, wakati wa kumsafisha. Mweusi, umepinda kama wa kasuku. Ndani yake mna ulimi unaokwaruza kama msasa, na mate yake yana sumu ya kumlegeza kaa. Lakini lililonishangaza zaidi ni koo: limepita katikati ya ubongo! Kila tonge analomeza linapita humo, basi hana budi kumega vipande vidogo vidogo.

Nimekula pweza tangu utotoni, wa supu, wa nazi, wa kuchoma, na sikuwahi kumtazama hivi. Inaniuma kidogo.

Shangazi amebandika chungu. Mimi nimeomba ule mdomo tu, nimeuanika dirishani. Vile viduara vyekundu kifundoni bado havijafutika.