Sauti ya bibi katika faili zisizofunguka

Mwaka 2008 ami yangu, aliyekuwa karani katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa, alikuwa akija nyumbani Mji wa Kale kila Ijumaa na kinasa sauti cha kazini, kile ambacho wakili huzungumzia barua zake ili karani azipige chapa, na baada ya chakula akikiweka mbele ya bibi na kumwomba asimulie habari za zamani. Bibi alipofariki, ami alinikabidhi faili 31 zenye kiambishi cha .dss, na hakuna simu hata moja nyumbani iliyoweza kuzicheza.

Fundi mmoja alinishauri nibadilishe kiambishi hicho kiwe .mp3. Jambo hili halisaidii kitu, kwa sababu jina la faili haligusi namna sauti ilivyosimbwa, yaani ilivyogeuzwa kuwa tarakimu, ndani yake. DSS ni muundo wa kampuni za Grundig, Olympus na Philips uliokusudiwa kazi ya imla, na katika ubora wake wa kawaida huchukua sampuli 11,025 kwa sekunde na kutumia takriban kilobiti 14 tu kwa sekunde. Sampuli hunasa mawimbi yasiyozidi nusu ya idadi yake, kwa hiyo sauti yoyote iliyopita mawimbi 5,500 kwa sekunde haikunaswa tangu siku ile, wala hakuna programu itakayoirudisha.

Nilichohitaji kilikuwa ffmpeg, programu ya bure inayoweza kusimbua DSS ya ubora huo, pamoja na amri moja ya kugeuza kila faili iwe ya muundo wa Opus:

ffmpeg -i bibi07.dss -ar 48000 -c:a libopus -b:a 24k bibi07.opus

Nilichagua Opus kwa kuwa ni muundo ulio wazi, usiodai ada. Uliidhinishwa na IETF, jopo linaloweka viwango vya intaneti, mwezi wa Septemba 2012 kwa kuunganisha mbinu mbili za kubana sauti, SILK ya Skype na CELT ya Xiph.Org, na ndio huohuo unaobeba sauti tunazotumiana kila siku kwa WhatsApp. Hata hivyo, wengi hudhani kwamba tunageuza faili za namna hii ili zipungue ukubwa. Zangu ziliongezeka: saa moja ya DSS ni kama megabaiti 6.3, ilhali saa hiyohiyo katika Opus ya kilobiti 24 ni megabaiti 10.8. Nimeridhika kabisa na ongezeko hilo, maana faili ndogo isiyofunguka haina faida kwa wajukuu.

Opus inaweza kushuka hadi kilobiti 6, nami nilijaribu kwa makusudi nikiwa nimevaa spika za masikioni. Katika faili ya saba bibi anasimulia jinsi paa alivyokuwa akiletwa mjini kutoka bara, na mara moja baadaye anataja paa la nyumba yao lililovuja. Katika Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, maneno hayo mawili hayafanani: paa mnyama hutamkwa kwa pumzi inayotoka baada ya p, na paa la nyumba halina pumzi hiyo. Katika rekodi ya asili pumzi ile inasikika, japo kwa mbali. Kwa kilobiti 6 ilikuwa imefifia kiasi kwamba maneno yote mawili yalinifikia kama neno moja. Kwa kilobiti 24 ilirudi. Sauti iliyokwisha kubanwa mara moja hupoteza tena inapobanwa mara ya pili, kwa hiyo ni afadhali kuipa nafasi kubwa kuliko iliyokuwa nayo, na hasa kwa lahaja ambayo wasemaji wake wa umri ule wanatutoka mmoja baada ya mwingine.

Faili za .dss sikuzifuta, nimezihifadhi katika diski mbili, moja kwangu na moja kwa shangazi Likoni, ili yeyote atakayepata njia bora zaidi aanzie kwenye asili na si kwenye nakala yangu.

Ami nilimtumia faili ya saba jana usiku. Aliisikiliza mara mbili, kisha akaniambia kwamba kikombe kinachosikika kikiwekwa juu ya sahani bibi anapotua kupumua kilikuwa chake.