Majina Saba ya Kiyunani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwangaluka kwa wale wa kwetu, Wasukuma. Neno la wiki hii ni Matendo ya Mitume 6:1-7.

Kanisa la kwanza liligombana kwa sababu ya chakula, na Luka hakuficha. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani "walisahauliwa katika huduma ya kila siku". Piga picha ya mama mzee anayerudi nyumbani na bakuli tupu, kisa lugha yake si ya wenyeji. Huku Kirumba, Mwanza, tunaijua foleni ya namna hiyo. Kwenye msiba, anayeshika upawa humwona kwanza wa kwao.

Mitume hawakusema, "Nyamazeni, sisi sote ni wamoja katika Bwana." (Sentensi hiyo tunaipenda mno, hasa sisi ambao bakuli letu limejaa.) Walisema: chagueni watu saba. Sasa soma majina polepole: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani, na Nikolao hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa. Mkutano wote, wenyeji wakiwamo, uliwakabidhi ghala watu wa upande uliokuwa ukinung'unika. Na hakuna aliyeagiza kwamba viti vigawanywe kwa asili ya mtu.

Sisi tuliwahi kuagizwa. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 kulikuwa na kura tatu: kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Majimbo 10, viti 3 kila jimbo. Ukiitazama kwa mbali unaona usawa, kila rangi na kiti chake. Ukisogea karibu unaona kwamba Waafrika, waliokuwa karibu nchi nzima, walipewa theluthi. Tena kupiga kura kwenyewe kulitaka kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au cheo fulani. Wakulima wengi wa pamba na wavuvi wa visiwani waliishia kutazama. Mwaka huohuo wa 1958 watu wa Geita walikuja hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mseto wa rangi. Sidhani kilichowaudhi ni kukaa meza moja na jirani. Waliona meza imeshapangwa kabla hawajaitwa.

Januari 1958, kule Tabora, TANU, chama kilichodai uhuru, ilibishana kama iisusie kura hiyo. Nyerere aliwashawishi waingie, na chama kikawaunga mkono Wahindi na Wazungu waliokubaliana nacho. Mmoja wao alikuwa Amir Jamal, mzaliwa wa hapahapa Mwanza. Aliingia bungeni mwaka huo kwa kiti cha Mhindi. Lakini mimi navutiwa zaidi na 1965. Kiti cha Mhindi hakikuwapo tena, kila mtu na kura yake moja, na watu wa Morogoro wakamchagua Jamal. Ni kweli chama kilikuwa kimoja tu, na uhuru wa kuchagua ulikuwa na ukuta wake. Ila ndani ya ukuta huo hakuna aliyewalazimisha kumpa kura Mhindi.

Nina ungamo. Jumuiya yetu ilipochagua mweka hazina mara ya mwisho, dada mmoja Mjita alipendekezwa, mtu ambaye daftari lake la michango halijawahi kupungua hata mia. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Huyu si wa kwetu." Niliisikia vizuri. Nikacheka kidogo, kama vile ni utani, kisha nikampa kura yangu mtu wa kwetu. Alishinda. Daftari la mwaka ule hadi leo hatujaliona.

Yule dada bado anakuja kila Jumamosi, na bado ndiye anayefika mapema kupanga viti.

Uchaguzi wetu wa jumuiya ni Jumamosi hii saa kumi na moja jioni, kwa mama yetu wa karibu na mwalo. Kura zitakuwa za siri, kwenye ndoo ya dagaa iliyooshwa vizuri. Njoo umeshasoma Matendo 6, na kalamu yako. Mimi nitafika saa kumi, nimsaidie yule dada kupanga viti, kwa maana kuna neno nadaiwa kumwambia kabla wengine hawajaingia.